Joka Lilipohama

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu upande wa Kabuku, tulikuwa na joka. Tulikuwa nalo kama vijiji vingine vilivyokuwa na zahanati. Lilikaa kwenye chemchemi katikati ya msitu, na kishungi kichwani kama jogoo, ingawa waliowahi kuliona wote walikuwa wamekwisha kufa. Ukikata mti mbichi, joka linahama. Likihama, maji yanalifuata.

Bibi, mama yake baba, alikuwa akisuka mikeka, na mikeka ndiyo iliyotulisha. Ukindu wake ulitoka palepale chemchemini. Asubuhi tuliacha panga nje ya msitu, tukavua viatu, na Bibi akapiga hodi. Ndiyo, hodi, msituni! Kwenye kila mkindu alikata kuti moja changa kwa kisu kidogo, basi. Siku moja nilinyoosha mkono kwenye kuti la pili. Kofi lililonipata, weee!

"Wewe mtoto, unataka kesho tunywe nini?"

Kisha siku moja tukawakuta vijana wawili wenye sare wakipigilia kibao. Bibi hakujua kusoma, nikamsomea: hifadhi, hakuna kuingia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Na sisi wa ukindu?"

"Ukindu hakuna tena, bibi. Msitu unalindwa sasa."

"Na zamani ulikuwa unalindwa na nani?"

Wakacheka. Mmoja akamwambia mambo ya joka yamepitwa na wakati, aende akalime. Akalime! Mwanamke wa umri ule, kwenye ardhi yetu kavu ambayo mvua yake ni ya kubahatisha. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Wanawake wakaacha kuingia, maana nani anataka kupelekwa mahakamani kwa ajili ya ukindu? Vijana wenye sare nao wakaja mara mbili tatu, halafu kimya. Waliobaki bila woga ni wachoma mkaa. Zamani wasingethubutu. Waliliogopa joka, na hata asiyeliogopa angekutana na akina mama kila asubuhi. Sasa msitu ulikuwa mtupu, na cha serikali si cha mtu. Wala nisiwasingizie wageni, walikuwemo vijana wetu wenyewe. Njaa ni njaa, na malori ya kubeba mkaa yanapita barabarani mchana kutwa.

Chemchemi ikawa tope, kisha tope likakauka likapasuka. Kijiji kizima kikasema joka limehama. Bibi hakumwambia mtu, "Si niliwaambia?" Alikaa kibarazani na mkeka aliokosa ukindu wa kuumalizia, mikono haina kazi. Alipofariki, tulimlaza kwenye mkeka wa plastiki wa dukani. Yeye, aliyevisukia vijiji vitatu mikeka! Nilitamani kupiga kelele mbele za watu.

Juzi nimekwenda nyumbani nikakuta mkutano. Mtaalamu wa misitu amekuja na miche ya miti kwenye gari, mtu mpole, sina ugomvi naye. Akasema wamegundua kwamba mila zetu zilitunza msitu vizuri.

"Tunasikia mlikuwa na joka," akasema. "Wafundisheni watoto waliogope tena."

Wazee wakaangaliana. Mimi nikasimama, maana ningekaa ningepasuka.

"Nikimfundisha mwanangu aliogope, mtamruhusu aingie kukata ukindu?"

Akaandika kitu, akasema suala hilo atalifikisha ngazi za juu. Tukapigiwa makofi, yeye na mimi, kisha wanakijiji tukagawiwa miche.

Sijui kama joka lile lilikuwepo kweli. Nimesoma, nimeishi Korogwe miaka mingi, na bado nikiulizwa nababaika. Ninachojua ni kwamba tuliliogopa kwa sababu tulikuwa na cha kupoteza: maji, kuti moja, mkeka wa kuuza. Mwanangu mnataka aogope nini? Mtu haogopi kupoteza alichokwisha kunyang'anywa.