Pamba Niliyoweka Kwenye Kengele

Iko siku moja ya masika ambayo haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, na juma lililopita imenirudia nikiwa nimesimama sebuleni kwa watu, nimeinua shingo, nasikiliza kengele ya mlango. Nitakusimulia zote mbili, ya zamani na ya juzi, maana ugonjwa ulikuwa mmoja.

Mjukuu wangu Zawadi ni fundi umeme hapa Ifakara, na kwa umri wake ni fundi mzuri kuliko nilivyokuwa mimi. Alikuwa amefunga kengele ya kisasa kwa Mwalimu Selina, mstaafu anayeishi peke yake. Ililetwa na mwanawe anayefanya kazi Dodoma. Inafungwa kwa waya nje ya mlango, ina kamera, na mgeni akibonyeza anaonekana kwenye simu. Ndani ya nyumba, kile kikengele cha zamani cha ukutani kinalia kama kilivyolia miaka yote. Tatizo ni kwamba hata pasipokuwa na mgeni, kikengele hicho kilikuwa kinavuma, zzzzz, mchana kutwa, kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo.

"Babu, mimi nataka nikiondoe tu hiki cha ndani," Zawadi aliniambia. "Si ana simu? Mgeni atamwona humo humo."

Mwalimu Selina alikuwa amesimama mlango wa uani, mkononi ana pumba za kuku. "Simu naiacha chumbani inachaji, mimi nashinda huku na kuku wangu," alisema. "Ondoa, mwanangu. Halafu wewe ndiye utakuwa unakuja kuniambia nina mgeni."

Zawadi alicheka. Mimi sikuweza, kwa sababu wazo hilo la kuondoa sauti niliwahi kuwa nalo, nikalitekeleza.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nafanya kazi chini ya Mzee Benignus, fundi aliyejifunzia kazi kwenye nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya miwa. Siku hiyo alinituma peke yangu kwa Mama Leokadia, mkunga mstaafu. Masikio ya mama huyo yalikuwa yamechoka, na mvua ikipiga bati alikuwa hasikii kitu kabisa, kwa hiyo binti yake alimwekea kengele ya umeme. Mtaa mzima ilikuwa kengele hiyo moja. Watoto walikuwa wakibonyeza na kukimbia, naye akitoka na mwiko, anacheka.

Sasa kengele ilikuwa inavuma. Hodi za watu hazikumfikia, lakini mvumo ule ulimfikia. Alisema anausikia kwenye meno.

Nilifungua kifuniko. Ndani ya kengele za namna hiyo kuna waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, na katikati yake kijiti cha chuma. Umeme ukipita, kijiti kinaruka na kugonga bati, ndipo unasikia mlio. Nilikigusa kijiti, nikakikuta kinatetemeka chenyewe. Ningejiuliza kwa nini kinatetemeka wakati hakuna aliyebonyeza, ningekuwa fundi. Sikujiuliza. Nilichomoa pamba kidogo kwenye mto wa kiti, nikaikunja, nikaibana kati ya kijiti na bati. Mvumo ukanyamaza. Mama Leokadia akanishika mikono yote miwili, akanipa sahani ya wali na samaki, nikaondoka najiona bingwa.

Siku tatu baadaye, mchana, mvua kubwa ilinyesha. Jioni ilipopungua, Mama Leokadia alifungua mlango akakuta barazani kikapu cha ukindu kimelowa. Ndani mlikuwa na mchele na kambale wakavu. Alikitambua kikapu kabla hajagusa kilichomo. Kilisukwa na marehemu mama yake, na kilikuwa kwa mdogo wake Damasi, kule kijijini Mofu. Hawakuwa wamesemeshana tangu mazishi ya mama yao, kwa ajili ya shamba la mpunga lililo kando ya mto.

Jirani alikuja kumweleza. "Nilimwona. Alipiga hodi, nikamwambia, wewe, huyo hasikii hodi, bonyeza hicho kidude. Akabonyeza. Akangoja. Akabonyeza tena, na tena."

Mara tatu, mwanangu. Wewe umezaliwa huku, unajua. Mtu wa kwetu hapigi hodi ya nne. Akishaita mara tatu hakuna anayesema karibu, anajua ama hakuna mtu, ama hatakiwi. Na Damasi alikuwa amechungulia dirishani, akaona mgongo wa dada yake, ameketi anachambua mchele, taa inawaka. Akaweka kikapu chini akarudi zake.

Habari zilimfikia Mzee Benignus kabla hazijanifikia mimi. Alinichukua mpaka pale, akafungua kifuniko, akavuta ile pamba kwa vidole viwili kama mtu anayetoa mwiba.

"Nilikutuma kuitibu au kuinyamazisha?"

Akaisogeza pamba karibu na macho yangu.

"Ulipomaliza, nani alibonyeza?"

"Hakuna, mzee."

Hakupaza sauti. Alitoka nje, akafungua kitufe cha mlangoni. Ndani yake dondola walikuwa wamejenga kiota. Udongo wao ulikuwa umelowa kwa mvua, na unyevu ule ulikuwa unapitisha umeme kidogo kidogo, usiotosha kugonga bati, unaotosha kukitetemesha kijiti. Kosa lilikuwa mlangoni tangu mwanzo, nami nilikuwa nimemziba mdomo aliyekuwa anatoa taarifa. Mzee aliusafisha udongo kwa bisibisi, akakausha kwa kitambaa, akafunga. Mvumo haukurudi.

Nikadhani yameisha. Akanipa pamba yangu mkononi. "Kesho utachukua baiskeli yangu uende Mofu. Umpelekee Damasi hii."

"Mzee, Mofu? Na matope haya?"

"Yeye alikuja kwenye matope hayo hayo."

Nilitoka alfajiri, nikafika saa nane mchana, nusu ya njia baiskeli nimeibeba mimi badala ya yenyewe kunibeba. Nilimkuta Damasi akishona nyavu nje ya nyumba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umetoka Ifakara? Umetumwa na Leokadia?"

"Hapana. Nimetumwa na fundi wangu."

"Fundi wa nini?"

"Wa kengele."

Alinitazama kuanzia miguu iliyojaa tope mpaka kichwani. "Kengele imefuata nini Mofu?"

Nikatoa pamba. Nikamweleza yote, jinsi nilivyoibana, jinsi alivyobonyeza mara tatu na upande wa pili pasisikike kitu. Maneno yaligomagoma, lakini yalitoka. Damasi aliichukua ile pamba, akaigeuzageuza kwenye kiganja chake kikubwa cha mvuvi.

"Kijipamba hiki?"

"Ndiyo, baba."

Aliifumbata. Kisha akasema, sidhani kama alikuwa anasema nami, "Nilimwona mgongo. Nikasema, basi, kumbe ndivyo alivyoamua." Akaniuliza, "Na kikapu?"

"Amekiweka mezani. Hajatoa kitu ndani."

Hakuniambia atakuja au hatakuja. Aliniambia nioge, nile, nilale, nirudi kesho. Njia ilipokauka kidogo, alikuja. Sikuwepo, lakini jirani alinisimulia. Alisema Damasi alisimama barazani, akafuta kidole kwenye shati kama mtu anayetaka kusaini, akabonyeza. Mara moja tu. Ndani ungo ulianguka, dada yake akaja kufungua.

Shamba waliendelea kubishania kwa miaka. Lakini walibishana wakiwa wameketi meza moja, na hilo si jambo dogo.

Basi juzi, pale sebuleni kwa Mwalimu Selina, nilimwambia Zawadi, "Kabla hujaondoa kitu, tuulize kwanza kinachovuma kinasema nini."

Yeye si mbishi. Alizima swichi kubwa, akafungua kifuniko. Kijiti kilikuwa safi, akakisogeza kwa kidole, kikaenda na kurudi bila kukwama. Akakaza skrubu za waya, moja ilikuwa imelegea nusu mzunguko. Akawasha. Zzzzz.

"Transfoma?" nikamuuliza.

"Nilibadilisha, babu. Ile ya zamani ilikuwa ya volti nane na maelekezo yanataka kuanzia kumi na sita." Alipima kwa mita yake, akanionyesha. Ilikuwa sawa. Akafungua simu akatazama kama amechagua aina ya kengele iliyopo ndani, maana ukiiambia kamera kwamba ndani kuna kengele ya muziki wakati iliyopo ni ya kugonga bati, itaitendea vibaya. Hapo nako alikuwa sahihi.

"Sasa niambie," nikasema, "umeme unapita kwenye kengele hata kama hakuna aliyebonyeza?"

Alifikiri. "Lazima upite. Kamera inaangalia saa zote, na umeme wake unapitia humu humu kwenye kengele." Akasimama ghafla. "Babu, ndiyo maana kijiti kinatetemeka! Kamera inakula, na chakula chake kinapitia kwenye mdomo wa kengele."

Unaona, mwanangu? Dondola walikuwa wamebadilika jina tu.

"Waliotengeneza kamera hawakujua hilo?" nikamuuliza.

Akaenda kulifungua boksi la kamera. Chini ya karatasi ya maelekezo, kwenye mfuko mdogo wa nailoni, kulikuwa na kifaa kidogo cha kutosha kiganjani, chenye waya mbili.

"Hiki nilidhani ni spea," alisema, akaona aibu.

Kilikuwa ni njia ya pembeni. Unakifunga kwenye skrubu mbili za kengele ya ndani, pale unapofika waya wa transfoma na unapofika waya wa mlangoni, ili umeme mdogo wa kamera upite humo na kuiacha kengele ipumzike, mpaka mtu abonyeze kweli. Zawadi alizima swichi tena, akafunga, akarudisha kifuniko, akawasha.

Kimya. Tukasikia kuku.

Alianza kukusanya vifaa. Nikamshika begani. "Bado. Mwalimu arudi uani, aendelee na kazi yake kama siku zote. Wewe nenda nje, ufunge mlango, ubonyeze kama mgeni."

Akatoka. Mimi nilibaki katikati ya nyumba, na sitakuficha, moyo ulinienda mbio kama wa kijana wa miaka ishirini na miwili. Kengele ikalia. Kutoka uani Mwalimu Selina akaita kwa sauti ile ya darasani, "Karibu! Nakuja!" Na akaja kweli, huku anapangusa pumba mikononi, akafungua mlango, akamkuta Zawadi amesimama pale anatabasamu kama mgeni aliyetoka mbali.

Mwanangu, kazi yako inaweza isiwe ya umeme. Ila siku moja kitu kitakuvumia masikioni, iwe mashine, iwe mwili wako, iwe mtoto wako anayelalamika kila siku jambo lile lile, na mkononi utakuwa na pamba. Usiibane. Zima swichi, fungua, fuatilia waya mpaka mwisho wake, hata kama mwisho uko nje kwenye mvua. Soma karatasi iliyokuja na boksi, na usikiite spea kitu usichojua kazi yake. Ukimaliza, usiondoke mpaka umebonyeza mwenyewe na mwenye nyumba amesikia kutoka pale anapokaa kweli. Na ukiwa umekosea, usimtume mtu akuombee radhi. Chukua baiskeli uende mwenyewe, na pamba yako mkononi.

Mungu akupe mikono mitulivu na masikio yasiyochoka. Na siku utakaposimama wewe mlangoni kwa mtu wako, mvua inanyesha, kikapu mkononi, akujalie usikike mara ya kwanza.