Tonge la Tsigereda

Kituo chetu cha ambulensi hapa Addis Ababa kinaendeshwa na programu moja, na aliyeiandika ni Tsigereda wetu. Nasema wetu kwa kujidai kabisa, maana mimi ndiye ninayepokea simu na kuyaelekeza magari, na nimeiona programu hiyo tangu inazaliwa.

Ila ilikuwa na ugonjwa. Dereva akimaliza kazi na kuzima kifaa chake, mara nyingine mambo yalikwenda sawa, mara nyingine programu nzima ilizima ghafla. Magari yote yananipotea kwenye skrini, na kwenye simu mtu analia mgonjwa wake anakufa. Mkuu wetu, Ato Getnet, yaani Bwana Getnet, uvumilivu ukamwishia.

"Binti, ikizima tena naing'oa. Tunanunua ya wageni."

"Ing'oe, halafu hao wageni waje wapokee simu!" Tsigereda alimjibu. Mdomo anao. Lakini nilimfuata nje nikamkuta anafuta machozi.

Huyu dada ana wazimu wa usafi. Mchana tunakula injera, mkate wetu laini wa kufungia mchuzi, kwenye sinia moja, naye hata hatujamaliza kutafuna, ameshalibeba sinia kwenda kuliosha. Siku hiyo Workneh, dereva wetu, alikuwa amemfungia tonge nono la kumlisha mdomoni, kama tunavyolishana hapa tukipendana. Anageuka kumpa, kiti kitupu. Tonge likaanguka, mchuzi wote kwenye suruali.

"Wewe! Unaondokaje na tonge lako liko njiani?"

Tsigereda akasimama na sinia lake mkononi.

"Hebu rudia."

"Nimesema utanifulia suruali!"

"Hapana. Kabla ya hapo."

Hakungoja jibu. Alikimbilia kompyuta na vidole vyenye mchuzi, yeye, Tsigereda!

"Nyie, kosa ni langu mimi," alisema akicheka. "Dereva akizima kifaa, programu inakata mawasiliano na kufuta kila kitu chake papo hapo. Kumbe kuna jibu bado liko njiani. Likifika, linamtafuta mtu niliyekwisha kumfuta. Hapo ndipo inaanguka."

Akageuza mpangilio: kwanza usitume ombi jipya, kisha pokea majibu yaliyo njiani, ndipo ufunge, na kufuta kuje mwisho. Workneh akatumwa garini kuzima na kuwasha kifaa mpaka akaanza kututukana. Skrini haikutikisika.

Ikaingia simu ya kweli, mama mmoja wa mtaa wa Kolfe, uchungu umemshika. Namtafutia gari, na dereva mwingine akazima kifaa chake saa ileile. Nilifumba macho. Nilipofumbua, magari yote yapo. Baadaye nikasikia kichanga kinalia simuni, nami nikalia, na Ato Getnet akajidai anatafuta miwani.

"Hao wageni waambie wasije," alisema.

Kesho yake sinia lilipobaki makombo, Tsigereda alikuwa bado ameketi, mikono mapajani, anamtazama Workneh.

"Lete," alisema, akafungua mdomo. "Leo nipo."