Barbados ya Mbwajumali

Sisi tuliokulia Mbwajumali, kijiji cha kisiwani, kabla ya simu tulikuwa na serikali mbili: ya Nairobi, ambayo hatukuiona, na ya Barbados, ambayo tuliiendesha wenyewe kila alasiri tukitoka chuoni kusoma Kurani. Mchezo huo ulitokana na Mwalimu Mutua, kijana wa bara aliyetufundisha historia. Alichora kisiwa ubaoni, akatueleza kwamba kiko Karibea, kwamba Waingereza walikitawala na kuwachapa mijeledi Waafrika waliokata miwa, na kwamba sasa ni nchi huru yenye bunge lake, ingawa Malkia wa Uingereza bado ndiye mkuu wa nchi. Kisiwa kuwa nchi, jambo hilo lilitukosesha usingizi.

Tukapiga kura kwa kokwa za ukwaju ndani ya kifuu. Maimuna, binti wa mpika mikate ya mofa, akawa Waziri Mkuu, maana wapiga kura wake walikula mofa za moto. Mimi nilikuwa Gavana Mkuu, mwakilishi wa Malkia. Cheo hicho kilitaka mtu wa akili, na darasani sikuwahi kushika namba ya pili.

Kisha maneno yakamfikia baba: mwalimu wa bara anawafundisha watoto kuunda serikali yao kisiwani. Miaka ile neno kama hilo lilitosha kuleta polisi. Nilimkuta akinoa jembe.

"Kesho huendi skuli, utakwenda shamba. Na huyo mwalimu wako tutataka aondolewe. Nti hii ina serikali moja."

Nilijua hasemi la siku moja. Kaka yangu alipelekwa shamba vivyo hivyo, na darasani hakurudi tena.

"Si ya hapa, baba. Ni ya Barbados. Mimi ni Gavana Mkuu."

"Ndiye nani huyo?"

"Ni kama walii. Ndoa yafungwa msikitini, bibi harusi yuko kwao, walii ndiye asemaye kwa niaba yake. Malkia ndiye bibi harusi. Yuko Uingereza."

Jembe likatulia. "Na bwana harusi?"

"Ni kisiwa."

"Hawaonani?"

"Huja siku mojamoja, akapunga mkono, akenda zake."

Baba alicheka mpaka akakaa chini. "Ndoa gani hiyo. Haya, nenda skuli ukanisomee itakwisha vipi."

Mwalimu akabaki, nami nikasoma. Leo nina diploma ya usimamizi wa hoteli, niliyojilipia mwenyewe kwa kubeba mizigo ya wageni pale uwanja wa ndege wa Manda. Nikafanya kazi katika meli za watalii, na siku moja meli ikatia nanga Bridgetown, mji mkuu wa Barbados. Wenzangu walikimbilia ufukweni. Mimi nilikwenda kulitazama bunge, na kumbe limejengwa kwa mawe ya matumbawe, kama nyumba za kale za Mkomani, huku kwetu pwani. Nilisimama mbele yake kifua mbele. Mtu mwingine wa Mbwajumali aliyefika pale simjui.

Nimerudi na nimejenga ghorofa, atakayepita ataiona. Wanangu hula mahamri ya bibi yao bila kuinua macho kwenye simu. Ukiwatajia Barbados, wanakuimbia wimbo wa mwimbaji wa huko.

Asubuhi moja baba, ambaye sasa haoni vizuri, aliniuliza, "Ile ndoa ilikwisha vipi?"

Nikamwambia bunge lao liliamua, Malkia akaondolewa, na sasa wana rais wao.

"Damu ilimwagika?"

"Hapana, baba. Hata mwana wa Malkia alihudhuria sherehe."

"Basi wameachana kwa wema." Alishusha pumzi ndefu, kama aliyetua gunia la simsim. "Alhamdulillahi. Nilikuwa na wasiwasi nao."

Wanangu wangelipata jibu hilo kwenye simu kabla hawajamaliza kuuliza. Mimi nilizunguka bahari nikarudi nalo, na baba alikuwa bado ananingoja.