Kitambaa cha Mashine ya Oksijeni

Mimi ni fundi wa vifaa tiba, na sijawahi kuchukia kitu kama nilivyokichukia kile kitambaa. Alikifuma muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, mama mchangamfu wa Ilemela, kwa uzi mweupe na maua mekundu pembeni. Aliipenda mashine ya oksijeni, akaifunika nacho kama redio ya sebuleni kwake, na tulikuwa nayo moja tu. Nikikivua leo, kesho nakikuta kimerudi. Nilimweleza mpaka nikachoka kwamba mashine inavuta hewa kwa nyuma, ukiifunika unaikaba koo. Akacheka, akasema vumbi la hapa analijua yeye. Jamani, ningefanyaje? Ni mtu ninayemwamkia shikamoo kila asubuhi.

Mchana mmoja nilikuwa narudi kutoka Buhongwa nikaona wingu jeusi limesimama juu ya ziwa, linasogea nchi kavu. Haikuwa mvua. Ni wale wadudu wadogo wa ziwani, wakiingia ndani wanakujaa mpaka mdomoni. Nikaongeza mwendo. Nilijua wodini watafunika kila kitu, na asubuhi nilimwacha mtoto mchanga mwenye nimonia kwenye ile mashine.

Nilikuta madirisha yamefungwa. Juu ya kitambaa walikuwa wameongeza shuka, limefika sakafuni, na chini yake mashine inalia. Muuguzi aliisikia tangu mwanzo, ila kwetu mashine ikilia tunajua umeme umekatika. Basi alimtuma mlinzi akawashe jenereta, akasubiri. Umeme ulikuwepo muda wote.

Nililing'oa lile shuka. Mashine ilikuwa ya moto kama pasi, na ikazima yenyewe mbele yangu. Daktari alikuwa anabonyeza kifua cha mtoto kwa vidole viwili. Baadaye akaacha.

Mama wa mtoto alinigeukia mimi, kwa kuwa ndiye niliyeshika bisibisi.

"Kaka, imeharibika?"

Muuguzi alinikazia macho, ananiomba niseme ndiyo. Nilikuwa na hasira naye, na papo hapo namwonea huruma.

"Hapana," nikasema. "Ilikuwa imefunikwa."

Mashine ilipopoa niliiwasha, ikakubali mara moja. Hewa safi ikatoka kwenye mrija, na kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya.