Mwizi Aliyejipaka Poda
Miaka ile ya sabini, sinema ikija mjini Arua, kaskazini mwa Uganda, mfasiri alisimama kando ya pazia na kutuelezea kila neno kwa Kiswahili. Jioni hiyo ilikuwa sinema ya kuchekesha kuhusu wezi wa benki. Mmoja wao alijipaka poda na kumpenda dereva wao, mwanamume mwenzake. Binamu yangu, fundi cherehani mwenye mwendo laini, alimfurahia mwizi huyo kuliko sisi sote.

“Fundi!” askari mmoja akaita nyuma yetu. “Ndugu yako iko ndani ya sinema! Enda salimia yeye!”

Ukumbi mzima ukacheka. Binamu akatoka, nikamfuata. Nje tulisikia risasi za sinema, lakini vicheko vilifunika sauti ya mfasiri.

“Wamemuua yule wa poda?” akaniuliza.

Nilitamani kumwambia ametoroka salama. Sikujua.