Jumatatu ya Gavana Gadbury

Magavana wanne wamepita mbele yangu nikiwa bawabu wa ofisi yao, na Lemuel Gadbury ndiye pekee niliyemfungulia mlango huku natamani kuufunga. Alikuwa mchuuzi wa nguruwe, akachaguliwa kwa ajili ya masharubu yake. Kwa kawaida alifika saa tano, akateua binamu mmoja kuwa mkaguzi wa kitu fulani, akaenda kula.

Yote hayo aliyaandika karani wake, Bi Orpha Tillinghast, mjane mkavu mwenye mwandiko safi. Miaka kumi na tisa alijaza daftari la jimbo: leo gavana kamteua nani, kamsamehe nani. Siku ambayo gavana hakufanya kitu, aliandika hilo pia.

Mwaka 1891 ikaja barua ya daktari wa gereza. Amos Wickliffe, mwizi wa farasi, alikuwa akitema damu. Asamehewe, akafie kwao. Bi Orpha akaiweka mezani. Ikakaa siku tisa, gavana yuko kwenye mbio za farasi. Alhamisi Amos akafa.

Ijumaa gavana akaja, waandishi wa magazeti wameshaanza kuuliza.

"Mama, andika nilimsamehe Jumatatu."

"Jumatatu hukuwepo, Mheshimiwa."

"Kazi yako ni kuandika ninachofanya."

"Nimeshaandika. Soma: 'Gavana hakuonekana.'"

"Basi chana."

"Kurasa zina namba."

Akamfukuza kazi hapo hapo. Kisha akaketi mwenyewe, ulimi nje kama mtoto anayejifunza herufi, akachomeka mstari chini ya ule wa Bi Orpha wa Jumatatu: amemsamehe Enos Wickliffe. Hata jina la marehemu hakulijua.

Daftari lile ni la umma. Wiki iliyofuata Keziah, dada yake Amos, akaomba kulisoma. Nikampa.

"Enos ndiye nani?" akaniuliza.

"Hakuna Enos, binti yangu."

Akanakili mistari yote miwili, akaipeleka gazetini. Mji mzima ukamcheka Gadbury. Chama chake kikakataa kumsimamisha tena kugombea, akarudi kwa nguruwe wake, ambao sidhani walifurahi.

Gavana mpya alimwita Bi Orpha arudi. Akakataa, alikuwa akifundisha watu mwandiko nyumbani kwake. Nilipokwenda kumjulia hali, nikaanza kumsema Gadbury, akanikatiza.

"Uwanja wa farasi ni mwendo wa nusu saa," alisema. "Ningeweza kumpelekea ile barua kwa miguu. Sikwenda."