Linux tulisaini babili

Linux, ile système ya kuendesha kompyuta, nilijifunza mi mwenyewe, mu cyber, hakuna mwalimu. Kisha nikamufundisha rafiki yangu, mukubwa wangu mu bureau ya kampuni moya ya makamyo ya shaba, hapa Kolwezi. Batu balikuwa banatuita mapasa.

Patron akatuambia tuchague système ya serveur, ile kompyuta yenye ilikuwa inachunga mishahara na mizigo yote. Linux ya kulipia kila mwaka, ao ingine ya bure? Mi nikaruka: "Patron, tutwae ya bure, code ni ile ile! Benye kuitengeneza banaahidi kuitunza miaka mingi. Utalipa nini, jina?" Mukubwa wangu akapiga meza: "Mi na petit, huyu mudogo wangu, tuko kauli moya." Tukasaini karatasi babili.

Kisha bale benye kuitengeneza bakatangaza eti batawacha kuitunza mbele ya wakati. Ahadi yote, mu maji! Niliwaka. Lakini dawa ilikuwako: kuhamia ku Linux ingine ya bure, yenye batu ya kujitolea balianzisha. Nikamuonyesha mukubwa wangu, tukajaribu ku machine ya zamani, ikatembea muzuri.

Sasa, ile wakati kampuni ilikuwa inaanguka. Makamyo yalilala ku parking, na kila juma kulikuwa familia yenye banafukuza mu nyumba ya kampuni. Kila muntu alikuwa anaogopa yake. Patron akatuita.

"Nani alichagua hii kitu?"

Nikangoja mukubwa aseme "sisi babili". Alikuwa anaangalia biatu.

"Patron, ni huyu petit. Mi nilimukatalia. Lakini niko na solution."

Akatoa plan yangu ya kuhamia, neno kwa neno.

"Mwongo! Mbele ya Mungu, we mwongo!" Nililalamika mpaka sentinelle, mulinzi wa mulango, akakimbia kuona.

Patron akacheka. "Sikia kelele ya mu-Kasai. Rudia kwenu, kule Kasai."

Kwetu wapi? Mama yangu alizaliwa hapa hapa! Nikageukia rafiki yangu. Akamugeukia patron.

Kazi ikaisha, na nyumba ya kampuni pia. Tukabeba magodoro, mi na mama na badogo yangu, tukaenda Lubudi kwa mama mukubwa.

Kisha siku kidogo, simu ya rafiki yangu. Sauti tamu kama asali.

"Petit, mot de passe ya serveur, ile neno ya kufungulia, ni nini? Inakatala kufunguka."

Matusi ilijaa mu kinywa. Mot de passe ilikuwa jina ya binti yake, ule mi nilimubeba ku ubatizo.

"Ita mutoto yako," nikamuambia, nikakata.